Ubingwa Niliokatazwa Kuutaja

Tantine alikuwa amekwisha kuniamulia nitabobea katika nini kabla hata chuo cha meno hakijaniita kwenye usaili. "Utasema bagues," aliniambia, amekaa sebuleni kwetu Gisenyi na viatu vya kanisani bado miguuni. "Bakikuuliza, usifikiri. Bagues." Alimaanisha zile nyaya za kunyoosha meno. Alikuwa ameziona Goma, kwenye vinywa vya mabinti wa wakubwa, na tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine.

Tantine ni mdogo wake mama. Enzi za mama alikuwa anakuja kwetu na kuondoka; mama alipofariki, alivuka mpaka akaja kutulea mimi na dada yangu, na hakurudi tena kwao Goma ila kwa biashara zake za asubuhi. Baba, aliyekulia Tanzania, alituachia Kiswahili hiki ninachoandikia. Tantine alituachia mengine yote, tulitaka tusitake.

Kila Jumapili baada ya ibada sebule iligeuka chumba cha usaili. Yeye alikaa kwenye kiti cha baba, akakunja mikono, akawa profesa. Dada yangu, na mtoto wake mapajani, aliwekwa pembeni kama profesa wa pili, ingawa hakuuliza kitu. Mimi nilisimama mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Sababu gani unataka kuwa docteur wa menyo?"

Nikifungua tu mdomo ananikatiza. "Aka! Usiseme kusaidia watu. Kila mutu anasemaka kusaidia watu. Sema bagues."

Halafu ananieleza, uso ameukunja, kwamba yeye hawezi kugusa mate ya mtu hata iweje, harufu ya kinywa humtapisha, ila waya ni chuma, waya ni kazi safi. Na watoto wa mawaziri watakuja mpaka mlangoni na voiture zao. Kazi safi! Nilikuwa namtazama anavyolitafuna hilo neno. Mtu anaota vinywa vya watoto wa mawaziri, na vinywa vya jirani zake vinamtia kinyaa.

Akamleta na kijana mmoja wa kwaya, anayesoma udaktari Kigali, aje kunishauri. Alikunywa chai yetu, akala chapati zetu, kisha akanong'ona kana kwamba ana siri ya serikali: usitaje ubingwa wowote. Ukitaja, watakuona una kiburi. Sema uko tayari kujifunza yote, moyo wako uko wazi. "Wanapenda hivyo," alisema, akijipangusa mafuta ya chapati kwenye suruali. Wanapenda hivyo! Jitu zima lenye ndevu, linaongea kama mtu anayenyata asimwamshe mbwa. Nilimsindikiza mpaka barabarani kwa sababu ya adabu tu.

Mimi nilijua ninachokitaka tangu nilipopata akili ya kujitazama kwenye kioo. Nilitaka kutibu meno ya watoto, basi, si zaidi.

Kwetu, mtoto mchanga akishikwa homa na kuharisha, wapo watu wengi ambao hawaulizi amekunywa maji gani. Wanamfungua kinywa. Pale ambapo chonge zinajiandaa kutoka, fizi huvimba kidogo, ikawa nyeupe nyeupe, na mtu akipaona hapo tu anasema: ibyinyo. Yaani meno mabaya, na wengine wanasema ni funza, yanayomla mtoto kwa ndani. Basi mtoto anapelekwa kwa mama fulani anayejulikana kwa kazi hiyo, anabanwa kichwa, na fizi inachimbwa kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Kinachotolewa ni kitu cheupe, laini, na wote waliopo wanaguna: mnaona, funza! Funza gani? Ni jino la mtoto ambalo halijakomaa. Wamelichimbua kama kiazi kichanga, wakalitupa kwa kuku.

Mimi nilichimbwa hivyo, na aliyenipeleka ni tantine. Chonge yangu ya chini upande wa kulia ilikuja kutoka imepinda, ya kahawia, na ya kushoto haikutoka kabisa. Nimecheka na kiganja mdomoni maisha yangu yote. Na hilo ndilo jibu nililotaka kuwapa maprofesa, na ndilo tantine alilonikataza. "Utaenda kutuchafua mbele ya watu? Utasema sisi ni washenzi?" Nikimwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa, anajibu bila hata kupepesa: "Uliona unakufa? We ni muzima. Njo ile ilikuponyesha."

Jumapili ya mwisho kabla ya usaili, mtoto wa dada alikuwa na homa na anaharisha. Hakuwa amejua hata kukaa bila kuegemezwa mto. Kituo cha afya walitupatia zile pakiti za unga wa kuchanganya na maji, wakasema tumrudishe asipopata nafuu. Dada alikuwa anamnywesha kwa kijiko. Mara tantine akaacha kuniuliza maswali, akainama, akaingiza kidole chake kinywani mwa mtoto. Kidole hicho kilikuwa kimetoka kuchambua sambaza, vile visamaki vya ziwani, jikoni. Sambaza! Niliona gamba la samaki limeng'ang'ania ukuchani, linatembea juu ya fizi ya mtoto mgonjwa.

"Bon. Mi nilijua," alisema. "Iko na ibyinyo. Huku na huku. Kesho tunamupeleka kwa ule mama wa upande wa Mahoko."

Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio yake ili asikie vizuri. Nilisema hakuna anayempeleka mtoto popote. Nilisema hayo ni meno yake, atayahitaji. Tantine aliniangalia kwa huruma, huruma kabisa, kama mtu anayemwangalia mlevi. "We ungali ujaingia chuo," alisema. "Soma kwanza." Halafu, sikudanganyi, akakunja tena mikono na kunirudisha kwenye usaili. "Haya. Ubingwa gani unataka?"

Mtu huyohuyo, kwenye kiti kilekile, anataka niwanyooshee meno watoto wa matajiri huku yeye anayang'oa ya mjukuu wake. Dada alikuwa anamtazama mtoto tu. Mumewe ni dereva wa malori, alikuwa safarini, na mbele ya tantine dada hajawahi kuinua sauti.

Jumatatu nilishinda mlangoni kama askari. Mtoto alipoa kidogo. Lakini Jumanne ilikuwa siku yangu ya Kigali, na nilijua vizuri kwamba nikipanda basi upande huu, tantine anapanda gari la Mahoko upande ule. Hospitali ya Gisenyi ipo, ndiyo, ila nani angebaki kumlinda huko? Nikamwambia dada: mbebe, twende wote. Tantine alidhani tunamtania. Alipoona kweli dada anafunga kitenge, alisimama mlangoni na kusema kwamba mtoto akifa njiani, asiitwe kwenye msiba.

Njiani homa ilirudi. Baada ya Musanze mtoto alitapika, na yote yaliishia kwenye blauzi yangu nyeupe, ile ya usaili. Niliisugua kwa maji ya chupa, nikaongeza doa tu. Nikawaacha dada na mtoto barazani, nikaingia mbele ya maprofesa nanuka maziwa yaliyoganda. Mzee aliyekaa katikati alivuta kiti chake nyuma kidogo, kwa heshima, akidhani sijaona. Pembeni yake alikaa mama mmoja wa makamo, daktari wa meno, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

Swali lenyewe halikuchelewa. Mzee aliuliza kama nimefikiria ubingwa, na akatabasamu lile tabasamu la mtu anayejua majibu yote yaliyopo. Akilini nilimwona kijana wa kwaya na makombo yake. Nilimsikia tantine na bagues zake. Nikasema: meno ya watoto. Akauliza kwa nini. Nikavuta mdomo wa chini kwa kidole, nikamwonyesha.

"Aa, hayo," alisema mzee, na akaandika kitu bila kutazama. "Hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi wananchi wameelimika."

Jamani! Kuna kinyaa cha matapishi, kinaoshwa na sabuni. Hiki cha kumsikia msomi anazungumzia nchi asiyoijua, wakati yeye ni mwenyeji wa nchi hiyo, sikupata cha kukioshea. Nikamwambia mambo ya zamani yamekaa pale barazani, yana homa, na kama ana muda anaweza kwenda kuyatazama.

Nilidhani nimejifukuza mwenyewe. Lakini yule mama alisimama, akanawa mikono kwenye sinki la pembeni, akatoka nje, nami nikamfuata. Alimtazama mtoto kinywani kwa tochi ya simu. Kisha akaniambia: "Umesema unataka watoto. Haya, mweleze mama yake unachokiona."

Nilieleza vizuri sana. Nilimwambia dada kwamba uvimbe ule ni chonge zinazokua, si funza, haziumwi wala hazileti homa. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinipa ufasaha.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniuliza: "Na homa inatoka wapi?"

Sikujua. Yule daktari alikuwa ameshika utosi wa mtoto, uliobonyea, akavuta ngozi ya tumbo nayo ikachelewa kurudi. "Maji yamemwishia," alisema. "Hospitali, sasa hivi." Akatuitia teksi yeye mwenyewe. Wiki kadhaa baadaye nilikuja kujua kwamba chuo kilinipokea, lakini siku ile, nikiwa kwenye teksi hiyo, hata ningeambiwa nisingesikia.

Walimtundikia mtoto dripu kichwani, maana mishipa ya mikono haikuonekana. Muuguzi alituambia tumtazame nepi: akikojoa, ametoka kwenye hatari. Tukakaa tunaitazama nepi kavu.

Tantine alifika na basi la mapema la kesho yake. Hakusalimia. Aliketi ukingoni mwa kitanda na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kinywa cha mtoto. Niliupiga kofi. Watu wa vitanda vya jirani waligeuka.

"Unaniona nachukiza," alisema.

"Ndiyo, tantine. Unanichukiza."

"Mbele yako mulikuwa na kaka," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayetaja bei ya nyanya. "Alihara sawa huyu mutoto. Mi nilisema tumupeleke. Mama yenu alikatala, alisema mambo sawa hii unasemaka wewe. Tulimuzika na fizi yake muzima. Donc wewe ulipozaliwa, ukashikwa na homa, sikumuuliza mama yenu. Nilikubeba tu."

Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tulikuwa na kaka. Dada alishika mdomo. Mimi nilitaka kumwambia tantine kwamba huyo naye aliishiwa maji, kwamba meno hayakuhusika, na nilijua nasema kweli, lakini nepi ilikuwa bado kavu. Bado nilikuwa nauchukia ule mkono wake. Niliutazama umelala juu ya shuka, nikautakia uondoke.

Tulikaa hivyo mpaka tantine alipogusa nepi na kuruka wima. "Amekojoa!" Aliifungua, akaibana shavuni, imelowa chepechepe, akawaonyesha wagonjwa na wauguzi. "Yesu wangu, amekojoa! Angalieni!" Alilia na kucheka. Hata mimi nilicheka, na nilisahau kuziba mdomo.

Halafu akampakata mtoto, akambusu utosini, na kwa upole wote wa dunia akamshusha mdomo wa chini kwa kidole gumba, akachungulia.

"Bon," alisema. "Sasa iko na nguvu. Tukifika tu, tunamupeleka Mahoko."

Nilimgeukia dada, ambaye tangu Gisenyi hakuwa amemjibu tantine hata neno moja. Aliinuka, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa tantine, akamlaza upande wa ukutani, kisha akaketi yeye mwenyewe kati yao. Akafungua kinywa chake wazi, akakisogeza karibu kabisa na uso wa tantine, hata tantine akarudisha kichwa nyuma.

"Basi anza na meno yangu," alisema.