Siku Shangazi Alipotaka Shetani

Nilipokuwa mtoto, shetani nilimwona mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Rhotia. Wengine wamesimuliwa. Mimi nilikuwa benchi la mbele.

Alikuja na sinema. Jamaa mmoja alileta mashine, akaziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, akawasha jenereta lililonguruma mpaka tembo wa kreta ya jirani wakahama. Kwenye shuka jeupe akatokea mwanamke kapandwa na pepo, anatambaa ukutani kama mjusi. Wanaume wazima walijikojolea. Mimi nacheka tu.

Shangazi Paskalina alikuwa nje, anachungulia penye tundu la blanketi. Mimba yake ilikuwa imetoka, na kwetu Wairaqw enzi zile mwanamke wa hivyo alikaa peke yake, asije akawaambukiza wengine msiba. Hapewi mkono. Hanywi kibuyu kimoja na mtu. Mama alimwekea chakula mlangoni, akaondoka, ndipo shangazi anatoka kuchukua.

Sasa kwenye sinema, ndugu wa yule mwanamke wakamrukia wote. Wakamshika mikono, miguu, wanalia naye. Nikamsikia shangazi dirishani, taratibu tu: "Kumbe mwenye shetani anashikwa."

Halafu akapiga ukelele uliofika mpaka Engaresero, mbali kule, ng'ombe wa Wamasai wakakata maziwa.

"Na mimi ninaye! Nishikeni!"

Darasa zima lilitimkia nje kupitia dirisha moja, katekista mbele.

"Katekista, si umwombee!" mtu akamtania mbioni.

"Nitamwombea nikifika nyumbani!"

Shangazi alikuwa amekaa vumbini, mikono kainyoosha. Mama, aliyekuwa anakimbia na wenzake, akasimama, akamtazama. Akatupa kanga yake chini, akamwendea wifi yake, akamkumbatia mpaka akanyamaza.

Siku hizi vijana wananionyesha picha za mashetani, wanauliza, "Mzee, huogopi?" Siogopi. Mimi natafuta nani kamshika yule mwenye shetani. Nadhani ndiyo maana watu wanazitazama. Mtu anatoa uchungu wake wote kwa kelele, hata kwa jina la shetani, na wenzake wanakuja.

Habari hii nimeisimulia sana, na kila mtu anapenda pale mama anapomkumbatia. Pale nimetunga. Mama alisimama tu, kanga kaikumbatia mwenyewe. Shangazi alilia mpaka akachoka, akainuka, akajipangusa vumbi, akarudi kwake.