Nirudishie L Zangu

Redio ya kwetu ilinuka dagaa. Mama aliiweka stoo, juu ya magunia, kwa sababu ndiko alikoshinda, na vumbi la dagaa likaingia kwenye vitundu vya spika hadi ikawa ukiiwasha unapata taarifa ya habari na harufu yake kwa pamoja. Wageni walikunja pua, sisi tulishazoea. Mpaka leo nikimsikia mtangazaji anasoma habari kwa Kiswahili kilichonyooka, pua yangu inawatafuta dagaa. Tuliishi Igoma, enzi ambazo kati ya nyumba na nyumba bado palikuwa na nafasi ya mihogo. Mama alikuwa akidamka kwenda mwaloni, ambako mitumbwi hushusha mzigo alfajiri, akanunua dagaa, akawaanika, akawauza sokoni kwa kisado. Kisado chake kilikuwa kinajaa kweli, hakuweka dole gumba ndani kama wengine, na watu hawasahau jambo kama hilo. Ndiyo maana, uchaguzi ulipofika, walimfuata stoo wakamwambia agombee udiwani.

Diwani aliyekuwa akimaliza muda wake alikuwa na Kiswahili cha kuteleza kama mlenda. Alivyokuwa anaongea, hata jiwe lingetikisa kichwa. Aliahidi kisima, aliahidi barabara, na mwisho akaahidi karamu ya kuwashukuru wananchi, ng'ombe wawili, pilau, soda. Watu walienda na familia zao, wakakaa juani mpaka saa tisa, na hawakuona hata mkia wa ng'ombe. Kata nzima iliumia kwa jambo lile kuliko kwa kisima. Kwa hiyo mama yangu alipopanda jukwaani, sera yake ilikuwa moja tu: mimi sitawadanganya. Ahadi ni deni, alisema, na mimi sipendi madeni. Walimwamini, na imani hiyo ndiyo mali pekee aliyoingia nayo kwenye udiwani.

Kasoro ilikuwa ulimi. Mama alizaliwa katika Kisukuma, Kiswahili alikiokota sokoni akiwa mtu mzima, na R ilikuwa imemkataa kabisa. Barabara kwake ilikuwa balabala, habari ilikuwa habali. Kwenye kampeni alisimama mbele ya umati akasema, "Ndugu zangu, naomba kula." Watu wakaangua kicheko, mmoja akajibu, "Utakula, mama, usijali." Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, na kura alizipata. Kwa watu wazima yaliishia hapo. Shuleni hayakuishia hapo.

Nilikuwa darasa la tano, nashika namba moja kwenye insha, na nilikuwa na kiburi cha kutosha kujaza kisado. Siku moja, tukiwa kwenye foleni ya bomba, msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja akaniuliza mbele ya wenzangu kama mama bado anaomba kula, au kwetu tayari wamepika. Walicheka hadi ndoo zikamwagika. Niliona aibu, na nasema wazi kwamba sikumwonea aibu yule msichana, nilimwonea aibu mama yangu. Nilirudi nyumbani nimevimba, nikamkuta amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa, nikamtangazia kwamba kuanzia leo nitamfundisha kusema vizuri, maana yeye sasa ni mheshimiwa. Nilitegemea atanifukuza. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka, akasema, "Haya mwalimu, anza."

Tulisoma kila jioni baada ya shule, mikono ikiwa kwenye dagaa. Sikujua kufundisha, nilijua kukosoa tu. Nilipoona hapigi hatua, nikatunga kanuni yangu: "Mama, ukisikia ulimi unataka kusema L, ukamate, sema R." Jamani, kanuni ya mtoto wa darasa la tano. Mama aliifuata kwa utii ambao sijawahi kuuona kwa mwanafunzi yeyote tangu hapo. Barabara ikanyooka, habari ikanyooka, kura ikawa kura. Lakini na maneno yaliyokuwa mazima nayo yakaumia. Akaanza kuniambia nirete maji, nirare mapema, na mimi mwenyewe, Kabula, jina nililopewa kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, nikageuka Kabura. Niliona. Nikajiambia huo ni uchafu mdogo unaobaki baada ya kufagia, tutaufuta baadaye. Nilitaka kwanza R zijae.

Mwezi huohuo mfanyabiashara mmoja wa Nyegezi alitoa maboksi ya kalamu kwa ajili ya watoto wa shule yetu, na redio ya mjini ikampa mama dakika chache kuwatangazia wazazi. Nilisikilizia stoo, nimekaa juu ya gunia, sikio kwenye spika. Alianza vizuri kiasi kwamba nilitabasamu peke yangu. R zilikuwa zinagonga moja baada ya nyingine. Kisha akasema Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule, wazazi wote waje na watoto wao, kwa sababu kuna karamu. Akarudia, kama alivyoelekezwa na mtangazaji, ili waliochelewa kuwasha redio nao wasikie: karamu za kutosha, hakuna mtoto atakayekosa karamu. Ningeweza kumkimbilia siku ileile nikamwambia arudi redioni asahihishe. Sikumwambia. Kumwambia kungekuwa kukiri kwamba kanuni ilikuwa mbovu, na mwenye kanuni ni mimi. Nikajipa moyo kwamba watu wataelewa, nani ataamini shule inatoa pilau. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ila hawakusema inakuwaje pale ulimi unapokwazwa na mwanao wa kumzaa.

Waliamini. Jumamosi walikuja na sahani. Walikuja akina mama na mahotipoti yao kwenye vikapu, watoto wamepakwa mafuta mpaka magotini, na wengine walikuwa wamenyimwa uji asubuhi makusudi ili wabakize nafasi. Mzee Masanja, fundi cherehani, jirani yetu, yule ambaye miaka yote alikuwa mtu wa diwani aliyepita, alikuja na kijiko kwenye mfuko wa shati. Alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kuangalia nyumba ya jirani ikiungua. Mwandishi wa redio naye alikuwepo na kinasa sauti chake. Mimi nilisimama kando ya maboksi ya kalamu, na sijawahi kuchukia vitu visivyo na hatia kama nilivyoyachukia maboksi yale.

Mama alifika, akaona sahani, akasimama. Sikumwona akishtuka, nilimwona tu akizitazama sahani moja moja kama anahesabu mitumbwi. Mwalimu mkuu akamsogelea, akamwinamia sikioni, na kwa kuwa nilikuwa karibu nilisikia: "Mheshimiwa, sema redio ilikwaruza. Waambie ulitamka vizuri, mitambo ndiyo iliyoharibu." Ulikuwa ushauri mzuri. Leo naijua thamani yake, watu wanaununua. Mwandishi alikuwa pale pale, redio yake ndiyo ingebeba lawama, na hakuna mwananchi ambaye angeweza kuthibitisha vinginevyo. Hata mimi niliomba kimoyomoyo aukubali.

Akachukua kipaza sauti. "Ndugu zangu," alisema, "redio haikukosea. Nimekosea mimi. Mmekuja na sahani, na mimi nimekuja na hizi." Akainua kalamu moja juu. Uwanja mzima ukawakumbuka wale ng'ombe wawili. Akataka kuitaja ile kalamu kwa jina, akaanza "ka, ka," akakwama, akacheka kidogo. "Kitu cha kuandikia," akasema. "Jina lake limenishinda. Nimejifunza Kiswahili nikiwauzia ninyi dagaa, na mnajua sikuwahi kuwapunja. Ulimi wangu ndio umewapunja leo." Kisha akauliza kama wanataka awaombe radhi kwa Kiswahili au kwa Kisukuma.

Mzee Masanja akasimama na kijiko chake. "Kwa lugha yoyote, Mheshimiwa," alisema, "ila tumbo langu halina lugha."

Kilianza kicheko cha mtu mmoja nyuma kabisa, halafu uwanja mzima ukalipuka, na nikamwona Mzee Masanja mwenyewe akishindwa kujizuia. Mama akasubiri kitulie. Akamwambia karamu hana na hataahidi, lakini stoo kwake kuna dagaa na kuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na jiko la shule lipo, basi kila mwenye sahani atapata kidogo. "Na mkiulizwa," akasema, "semeni hatukula karamu. Tumekula samahani." Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mama yangu alichutama mbele ya kata nzima, halafu akainuka akiwa ameshika mwiko. Watoto walipewa kalamu zao, wazazi wakala dagaa, na hakuna aliyeondoka akinung'unika ninayemjua. Mzee Masanja alirudia sahani ya pili. Jumatatu redio ilirusha maneno yale yote bila kukata, na kwa muda mrefu hata abiria waliokuwa wakivuka kwa kivuko cha Busisi walimtania mama wakimwita Mheshimiwa Samahani. Uchaguzi uliofuata alirudi, safari hiyo hata bila kampeni ya maana.

Katika maneno yake yote pale uwanjani, hakunitaja. Jioni ile nilimfuata kwenye mkeka, ambao safari hii haukuwa na dagaa wa kuchambua kwa sababu walikuwa wameliwa, nikamwambia huku nikilia kwamba ni mimi, kanuni ilikuwa yangu, na niliisikia karamu ile redioni nikanyamaza. Nilingoja fimbo. "Najua," alisema. "Mwalimu wangu bado mdogo, nitamshtakije?" Akanifuta uso kwa pindo la kanga yake iliyonuka moshi. "Ila nirudishie L zangu, Kabula." Kabula, kama zamani. Nililala siku ile kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani, na nilidhani alikuwa anatania.

Kazi yangu sasa ni hiyohiyo ya kwenye mkeka, ila ina ofisi na kiyoyozi. Wakubwa wanakuja niwafundishe kuongea mbele ya kamera: wapi waweke mikono, swali gumu walikaribisheje. Wana Kiswahili kizuri kuliko cha mama. Na klipu ikisambaa kwenye simu za watu, wote wanakuja na sentensi ileile, kwamba wamenukuliwa vibaya. Huwa nawauliza kitu kimoja: mheshimiwa, watu wamekuja na sahani, wewe mkononi una nini? Wengine hunielewa, wengine hutafuta mwalimu mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hizi imewekwa lami na wanapita wengi.

Majuzi nilialikwa redioni, kipindi cha moja kwa moja, kuzungumzia namna viongozi wanavyopaswa kujieleza. Nikiwa katikati ya kusifu daraja lililochukua nafasi ya kile kivuko, nilichoka, au nilijisahau, nikasema balabala. Mtangazaji, kijana mstaarabu, akainamisha macho. Nilihisi joto likipanda shingoni, lile la kwenye foleni ya bomba. Halafu likashuka. "Ndiyo, balabala," nikasema. "Mimi mtoto wa Igoma, lugha hiyo nimeikuta nyumbani." Tukacheka wote wawili, tukaendelea.

Nilipotoka studio simu iliita. Mama sasa ni mzee, udiwani aliuacha, redio yake bado iko stoo. Nilimpa shikamoo, akaipokea, nikasikia kwa nyuma tangazo la sabuni.

"Nimekusikia, Kabula," alisema. "Sasa umezirudisha."