Mama Jagi na Figo Zenye Haraka

Saa moja na nusu asubuhi, jua linaingia wodini na kuangukia rafu ya majagi ya plastiki. Yana namba za vitanda, moja hadi tisa, ila nafasi ya namba nane iko wazi. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, aproni ya kijani kiunoni, analinyanyua la kwanza hadi usawa wa macho na kusubiri.

"Usinisemeshe kwanza," anasema bila kugeuka. "Mkojo ukitikisika unadanganya."

Anaandika lita mbili na mililita mia sita, anamwaga, anasuuza. Wenzake humwita Mama Jagi na jina hilo halimkeri hata kidogo. Ni mhudumu wa wodi ya saratani ya damu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kama umeshaanza kukunja pua, subiri kwanza.

Wagonjwa wa hapa, dawa za saratani zikishapita mwilini, hubaki bila kinga. Homa ikipanda, tegemeo lao ni antibayotiki. Lakini kwa baadhi yao, hasa vijana, figo hushikwa na bidii ya ajabu. Zinaichuja dawa na kuitupa nje kabla haijafanya kazi. Kipimo cha damu cha kuangalia figo kinarudi kizuri, watu wanafurahi, kumbe hatari ni hiyohiyo.

"Tumezoea kuogopa figo zilizochoka," anasema mfamasia wa wodi, mtu mpole mwenye miwani. "Hizi zenye haraka zilikuwa zinatupita hivihivi."

Ndiyo maana ametengeneza kadi ya kuzibashiri. Inatoa alama kwa umri mdogo, aina ya saratani, homa, na kipimo cha damu kilicho kizuri kupita kiasi. Alama zikitimia, mkojo wa saa ishirini na nne hukusanywa wote na kupimwa, ndipo ijulikane kama dozi iongezwe.

Mwezi uliopita, kitanda namba nane kilikuwa na mwalimu wa chekechea wa miaka ishirini na mitatu. Siku ya nne ya antibayotiki, homa ilikuwa palepale, thelathini na tisa na nusu, midomo imempasuka. Kadi ilisema figo zake zina haraka. Jagi likasema hapana: lita moja na robo tu, hesabu ikatoka ya kawaida. Daktari akaamua dozi ibaki ilivyo.

Mama Jagi aliingiwa na wasiwasi. Kwa dripu na vikombe, lita nne zilikuwa zimeingia. Miguu haikuvimba, shuka lilikuwa kavu.

"Nikakaa nikayawaza yale maji," anasimulia, macho yakielea dirishani. "Mimi huwa nayaona, usinicheke. Yanaingia kwenye mshipa, yanazunguka polepole, yanapita moyoni, yanatoka. Sasa haya ya mwalimu yamekwenda wapi? Nikayafuata kichwani mpaka mlango wa choo."

Alipoinua macho, mama mzazi wa mwalimu alikuwa kweli anatoka chooni, kopo tupu amelificha chini ya mtandio.

"Dada, unamwaga?"

Yule mama akainamisha uso. "Naona haya, mwenzangu. Wewe mtu mzima, rika langu, ubebe mkojo wa mwanangu kila siku? Nakupunguzia tu mzigo. Kidogo cha kupima nakuachia."

Mama Jagi anacheka akisimulia, huku anafuta macho. "Ananiheshimu mimi, na mtoto anaungua."

Hakumgombeza. Alimkalisha chini, akamshika mkono. "Mfamasia anapiga hesabu kwa hicho unachokimwaga, dada. Niachie mzigo wangu. Wote."

Ukusanyaji ukaanza upya. Kesho yake jagi lilikuwa na lita tatu na nusu, na hesabu ikaonyesha figo zinachuja karibu mara mbili ya kawaida. Kadi ilikuwa imesema kweli. Dozi ikapandishwa, dripu ikaachwa itiririke taratibu mchana kutwa. Baada ya siku mbili homa ilishuka, na mwalimu akaomba chai.

Sasa Mama Jagi ana ombi moja kwa wakubwa wa hospitali: kadi ijazwe siku ya kwanza ya homa, na ndugu wa mgonjwa waelezwe habari za jagi siku hiyohiyo. "Siku nne ni nyingi kwa mtu asiye na kinga," anasema. "Mwalimu alibahatika. Nawawaza wale niliowamwagia mimi mwenyewe, miaka ile tulipokuwa hatupimi."

Anafika kwenye nafasi iliyo wazi, anasimama. Mwalimu amerudi wodini kwa duru ya pili ya matibabu, na homa imeanza jana.

Mlango unafunguka. Mama yake mwalimu anaingia na jagi namba nane, amelishika kwa mikono miwili, anatembea hatua ndogondogo lisitikisike. Analiweka mahali pake, anashusha pumzi.

"Wote," anasema.