Nilivyotangaza Kufutwa Kwangu Kazi Nikishangilia

Huwa mnanicheka nikimwona mtu anasoma kitu kwenye kioo cha kompyuta halafu namwambia arudi juu aanze tena. Chekeni. Leo nitawaambia sababu, na nikimaliza mtajua kwamba katika Eldoret nzima ni mimi peke yangu niliyewahi kupanda juu ya mzigo wa katani, nikapiga makofi ili watu wanyamaze, nikawatangazia kwamba mimi mwenyewe nimefutwa kazi, tena meno yote nje kwa furaha. Na kama aibu ingekuwa yangu tu, haki ya Mungu ningeshaisahau.

Wakati huo nilikuwa karani kwenye kiwanda cha magunia, upande wa kwenda Kapseret. Kazi yangu ilikuwa teleksi, ile mashine ya zamani ya kupokea ujumbe, na teleksi nilikuwa naipenda kwa sababu inatoa karatasi, na karatasi unaishika, unairudia, ukitaka unampelekea mwenyewe aone. Halafu wakubwa wa Nairobi wakaamua tuwe watu wa kisasa. Wakatuletea kompyuta iliyounganishwa na simu, ati barua zao sasa zitakuwa zikipita kwa waya na kutokea kwenye kioo. Fundi aliyeileta alinifundisha siku moja na nusu (hiyo nusu alikuwa anatafuta nyama choma), akapanda gari akaenda zake.

Sasa wacha niwaambie kile kioo kilivyokuwa. Cheusi, herufi za kijani, zote kubwa, zimebanana kutoka ukingo huu mpaka ule, hakuna nafasi kati ya jambo na jambo, kwa hivyo unasoma bei ya uzi na kabla hujapumua uko katikati ya likizo ya dereva, na shauri yako kujua umevuka wapi. O na sufuri huwezi kuzitofautisha. Ukisoma dakika kumi machozi yanakutoka, watu wanakuuliza kama umefiwa. Na kioo kikijaa, chini kabisa yanatokea maneno ya kukwambia ubonyeze kitufe ndio uendelee, na ukibonyeza, yote yanatoweka, yanakuja mengine. Shikeni hapo, kwa sababu hapo ndipo mimi niliharibikiwa: yale maneno ya kukwambia ubonyeze hayakupewa mahali pake. Yalikuwa yanakaa juu ya mstari wa barua. Yaani kila kioo kikijaa, mstari mmoja wa barua unafunikwa, na ukibonyeza unakwenda na wenzake, hujauona, na hujui kwamba kulikuwa na kitu cha kuona. Mimi nilikuja kujua hayo baadaye. Huyo aliyeitengeneza sijui alijua lini, lakini nina hakika hajawahi kukosa usingizi hata siku moja kwa sababu ya huo mstari.

Meneja wetu, Bwana Mutiso, alikuwa ametoa amri. "Philemon, kila barua ichapishwe kwanza kwa printa, tuisome kwa karatasi, ndio itoke hapa." Printa ilikuwa ofisini kwake. Jumanne ninayoisimulia alikuwa amesafiri Nakuru, na mlango wake amefunga. Ningengoja kesho yake tu. Hakuna mtu angenilaumu kwa kungoja.

Lakini mjue jinsi tulivyokuwa tukiishi mwezi huo. Uvumi ulikuwa umejaa kwamba watu watapunguzwa, na kila nikitoka ofisini wafanyakazi wananitazama usoni kama mimi ndiye nitakayewapunguza. Basi saa sita hivi ikaingia barua ndefu kutoka Nairobi. Nikasoma mambo ya uzi, mambo ya vipuri, mambo ya lori lililokwama Timboroa, halafu nikafika mahali pameandikwa kwamba wafuatao wamechaguliwa kwenda kozi ya usimamizi. Chini yake majina saba, bila nambari, yamepangwa tu. Kioo kikajaa. Nikabonyeza. Na kule juu kabisa ya kioo kipya, jina la kwanza, nani? Philemon. Mimi! Halafu Mama Rael. Halafu wengine watatu. Nikaruka kwenye kiti.

Hapo ndipo ningejiuliza, maana Mama Rael Kiingereza alikuwa hajui, na kozi ya usimamizi ingekuwa ya Kiingereza. Lakini mtu akishaona jina lake mwenyewe akili inakwenda likizo. Nikajiambia, kwa nini asichaguliwe? Mama huyu ameshona midomo ya magunia miaka kumi na minne, anayajua kuliko mameneja wote. Nikanakili majina kumi na mawili kwa kalamu, nikatoka mbio.

Ilikuwa saa ya chakula, watu wako uani. Nikapanda juu ya mzigo wa katani nikasoma majina yote, langu nikalipa sauti ya pekee, na nikaongeza ya kwangu kwamba uvumi umekwisha, hakuna mtu atafutwa (hilo hata kwenye barua halikuwemo, nilijisikia tu kulisema). Vigelegele! Vijana wakanibeba. Miaka yote mimi nilikuwa mtu wa kuleta habari za matanga kwa teleksi, na sasa watu wananibeba juu juu.

Waliponiteremsha, Mama Rael akanivuta kando. Alikuwa mjane, na msichana wake alikuwa kidato cha pili. Akaniuliza polepole.

"Philemon, wewe ndio umesoma. Hiyo jina yangu umeiona na macho yako?"

"Nimeiona, Mama."

"Kwa sababu ile shule ya wasichana kule Timboroa wanataka mpishi, wamenikubali. Chumba watanipa, na mtoto atasoma hapo hapo. Lakini wanataka jibu leo kabla ya saa kumi na moja, nikikawia wanachukua mwingine. Niwaambie nini?"

Mimi, na ujinga wangu wote, nikacheka. "Mama, mtu anaenda kuwa msimamizi, atarudi kukoroga githeri ya shule? Waambie hapana."

"Una hakika, kijana wangu?"

"Hakika kabisa."

Na si kwamba nilimwachia hapo. Nilimwonea huruma, simu hakuwa nayo, kwa hivyo nikaingia ofisini nikampigia mwalimu mkuu mimi mwenyewe, kwa simu ya kiwanda, kwa Kiingereza changu cha karani, nikamwambia Mama Rael anashukuru lakini hatakuja. Mwalimu akaniuliza mara mbili. Mara mbili nikamjibu. Mama Rael alikuwa amesimama mlangoni na leso yake mkononi, na nilipoweka simu alinishika mikono yote miwili akaniombea baraka, mimi na watoto ambao sijazaa.

Sasa habari haikai uani. Jioni hiyo hiyo ilifika mjini kwa Mwenyekiti wa chama (chama kilikuwa kimoja, hakuna haja ya kuuliza kipi). Mwenyekiti alikuwa na shida zake, watu walikuwa wanamnung'unikia kwamba kazi zinakwisha na yeye amekaa kimya. Kwa hivyo Jumatano asubuhi tukamwona akiingia kiwandani na gari la bendera, nyuma kuna akina mama wa kwaya wamejaa kwenye pikapu, na kipaza sauti. Mashine zikazimwa. Akahutubia. Akasifu serikali, akasifu chama, akasifu serikali tena, akasema wale wanaoeneza uvumi washindwe, kwa sababu watu kumi na wawili wa hapa hapa wamepandishwa cheo na yeye binafsi ndiye alifuatilia. Yeye binafsi! Akatuita mbele. Mama Rael alikuja na gauni lake la kanisani, akavishwa shada la maua. Mimi nikapewa nafasi karibu na Mwenyekiti, na nikapunga mkono. Ndiyo, nilipunga mkono, msiniangalie hivyo.

Katikati ya wimbo, Bwana Mutiso akaingia kutoka Nakuru. Alitutazama, akapita moja kwa moja ofisini. Tukasikia printa ikianza kulia. Kwaya inaimba, printa inalia. Halafu akatoka na karatasi ndefu inaburuta chini, akamnong'oneza Mwenyekiti, na Mwenyekiti akaacha kutabasamu. Sijui kwa nini Mwenyekiti hakuikunja ile karatasi akaenda nayo nyumbani. Nadhani alitaka pawe na mtu mwingine wa kulaumiwa mbele ya watu, maana alinisukumia kipaza sauti kifuani akasema, "Soma. Wewe si ndiye msomaji? Soma yote."

Nikasoma. Majina saba ya kozi. Halafu ukaja mstari ambao sijawahi kuuona maishani mwangu, kwa Kiingereza chao kile cha kumuua mtu taratibu, kwamba wafuatao huduma zao hazitahitajika tena kuanzia mwisho wa mwezi. Na chini yake, jina la kwanza, langu. La pili, la Mama Rael. Sauti yangu ilitoka kwenye kile kipaza sauti ikagonga ukuta wa stoo ikanirudia. Mama Rael hakuelewa Kiingereza, akawa anauliza wenzake, "Amesema nini? Amesema nini?" na shada bado liko shingoni.

Mwenyekiti akanigeukia. "Nani amekutuma?"

"Ni kompyuta, Mwenyekiti."

"Kompyuta ndiyo nani? Ni mtu wa wapi?"

Watu wakacheka. Hawakunicheka mimi, walimcheka yeye, na hilo ndilo lilinimaliza, kwa sababu miaka hiyo ukichekesha watu juu ya mkubwa ni afadhali ungemtukana. Kabla ya saa sita wanaume wawili wenye makoti walinichukua, na nikakaa kituoni mpaka giza linakaribia nikiulizwa swali hilo hilo: nani amenituma kuaibisha chama, nalipwa na nani, nakutana na nani. Nikawachorea kioo kwenye karatasi, nikawaonyesha mstari unavyofunikwa (maana pale kwenye benchi ndipo nilipopiga hesabu nikaelewa), wakasema huo mchoro ni wa kijasusi, wakauchukua. Aliyeniokoa ni Bwana Mutiso. Alikuja akasema, "Afande, huyu hana siasa. Huyu ni mjinga tu." Wakaniachilia kwa kosa la ujinga.

Kesho yake fundi wa Nairobi akaja kuchunguza. Nilifurahi, nikasema sasa ukweli utaonekana. Akaketi, meneja amesimama nyuma yake, na badala ya kuanza barua juu akaruka mpaka katikati, kwa hivyo kioo kikajaa mahali pengine kabisa, na ule mstari wa kutufuta ukatokea wazi, unang'aa kijani. Safari hii uliofunikwa ulikuwa wa lile lori la Timboroa, na nani angeulizia lori?

"Anza juu," nikamwambia. "Tafadhali, anza juu kabisa."

"Kompyuta haikosei, mzee," akasema. "Ni watu." Na mimi hata miaka thelathini na tano nilikuwa sijafika, lakini aliniita mzee ili nijue nimepitwa na wakati. Akafunga mkoba wake.

Ijumaa nikaenda Timboroa. Baridi ya kule mnaijua. Nikamwona mwalimu mkuu, nikamweleza yote tangu mwanzo, nikamsihi, magoti ndiyo tu sikupiga. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema mpishi mwingine alipatikana Jumanne hiyo hiyo jioni, mama mwenye watoto, ameshahamia. "Nilikuuliza mara mbili," akaniambia. Kweli aliniuliza.

Mwisho wa mwezi tukatoka kiwandani watu watano. Mimi nilipata kazi ya kuuza vifaa vya ujenzi kwa duka la Msomali mmoja mjini, mtu mwema, anaandika kila kitu kwa mkono. Mama Rael alianza kuuza sukuma wiki kando ya barabara, na msichana aliacha shule muhula uliofuata. Baadaye akaolewa Kitale.

Nilikuwa nikipita pale kwa Mama Rael kila wiki na ananisalimia vizuri, hajawahi kunitupia neno baya. Siku moja nikamkuta ameshika barua, ya yule msichana, anaigeuza geuza, maana kusoma hakujua.

"Lete nikusomee, Mama," nikasema, mkono nimeshaunyosha.

Akaikunja, akaiweka ndani ya leso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniuma zaidi. "Wacha tu, Philemon. Nitangoja jirani yangu afunge duka."

"Mama, ile siku ilikuwa mashine."

"Najua ilikuwa mashine. Lakini hii ni ya mtoto wangu."

Nikanunua sukuma ambayo sikuihitaji, nikaenda zangu. Niliapa siku hiyo kwamba sitamsomea tena mtu habari yake, hata akiniomba. Na kusema kweli, siombwi.