Siga Aliyoisifu Mgeni

Cheka ukipenda, lakini haya yamenifika mimi mwenyewe, pale Kaole, wala sikusimuliwa na mtu.

Kazi yangu ni kukunja siga, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku wanazopenda wageni wa hoteli za Bagamoyo. Usidhani kazi ni mikono. Kazi ni pua. Majani ya ndani nachanganya ya Songea na ya ng'ambo, nayafunga kwa jani gumu, kisha nalivika jani laini la nje. Ikitoka sawa haiwi kali wala nyepesi: kahawa kidogo, mbao ya mwerezi, na pilipili manga kwa mbali. Bila pua nitajuaje? Tutakula nini, na mke wangu Zaituni wakati ule tumbo limeshafika kidevuni?

Basi alasiri moja akaja mzee wa kanzu nyeupe. Nikamsalimu, "Asalaam aleikum." Akanyooshea siga kidole tu. Hebu niambie, mzee gani wa pwani hii haitikii salamu? Hapo hapo nikamtilia shaka. Lakini mteja ni mteja, nikamwashia siga.

Akavuta. Wallahi, moshi uliingia, haukutoka. Jivu nalo halikuanguka, likasimama mpaka siga nzima ikawa jivu na umbo lake vile vile. Siga iliyokunjwa vizuri hushika jivu, naam, lakini si hivyo!

"Harufu nzuri hii," akasema. "Nimeipenda."

Nawe unazijua adabu zetu. Mgeni akisifu kitu chako, utasemaje? Ulimi ukaniponza: "Yako hiyo, bwana."

"Umenipa kwa moyo?"

"Kwa moyo mmoja."

Akatabasamu, akaenda zake. Nikainua jani ninuse. Hakuna kitu. Nikakimbilia jikoni, nikanusa kitunguu, mafuta ya taa, hata ndoo ya dagaa. Patupu!

Hospitali wanasema pua nzima. Shehe kasoma, wapi! Siku hizi Zaituni ndiye ananinusia majani, mimi nakunja tu anavyoniambia.

Kwa hiyo nakuonya: mgeni akisifu kitu chako, sema mashallah, ukomee hapo. Usimwambie ni chake. Mwanangu keshazaliwa, na kila anayempakata anasema jinsi anavyonukia. Mimi nabandika pua utosini pake, navuta pumzi weee. Sisikii kitu.