Kashata Nyuma ya Pazia

Watu wa Kengeja wakenda Chake Chake huchagua mkahawa kwa harufu ya pilau. Shamima yeye aliuchagua kwa ukaribu wa hospitali. Msimcheke. Miaka miwili nyuma mwanawe Safaa alionja kisamvu cha karanga harusini, uso ukamfura, pumzi zikapiga mluzi, na gari likachelewa kupatikana. Tangu siku hiyo mtoto hali nje ya nyumba yao.

Sasa Safaa ametimiza miaka saba na amehifadhi Juzuu Amma ya Kurani. Baba yake, Himid, alishamwahidi kuwa akimaliza watakula mkahawani, na ahadi ni deni.

Basi Jumatano Shamima akatangulia peke yake, hofu imemjaa. Mkahawa wa kwanza aliomba kuliona jiko, mwenyewe akanuna. "Bibi wee, hapa hatuna mambo hayo!" Alidhani mama wa watu anaogopa kurogwa. Wa pili walimcheka. Wa tatu, uliotenga sehemu ya familia nyuma ya pazia, mpishi wake Bi Time alimsikiliza mpaka mwisho.

"Usikhofu, mwanangu. Mie nami mzazi. Sufuria yake n'taisugua kwa mkono wangu, isibaki hata chembe ya karanga."

Jumamosi wakaketi wote watatu nyuma ya pazia. Wali ulipofika Shamima alionja kwanza, kisha samaki, kisha mchuzi. Safaa akala. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini, mtoto anachezea tu miiba ya samaki. Himid akaenda kulipa, na Shamima akathubutu kwenda kunawa mikono.

Aliporudi alisikia sauti nyuma ya pazia. Mzee Nassor, mwenye mkahawa, alikuwa ameambiwa na Himid habari za Juzuu Amma, akafurahi, akachukua sahani na kumpelekea mtoto kwa mkono wake.

"Tunzo yako hii, msomi wetu. Kashata za karanga. Haya, bismillahi!"

Shamima alilikimbilia pazia. Penye upenyo wa pazia alimwona mwanawe ameficha mikono yote miwili mgongoni.

"Ahsante, babu. Mie sili karanga."

"Kwani chungu?"

"Sijui," alisema Safaa. "Ila nikila, mama ataogopa tena."

Shamima alibaki amesimama pale pale, mikono inachuruzika maji, pazia hakulivuta.