Kumi na Nane ya Wasichana

Yule mchora mistari wa uwanja wetu ana mikono ya fundi cherehani. Siku wanaume wanapocheza, hukaza kamba kwenye vigingi, humwaga chokaa kidogokidogo kwa kopo lenye tundu, kisha hupiga magoti na kupuliza majani makavu yaliyoangukia mstari. Ukiukanyaga, atakutukana na ukoo wako mzima. Wakicheza wasichana, hukaa kivulini akichokonoa meno. "Chokaa ya kupotezea vitoto vya kike iko wapi?" husema, na kile kisauti chake chembamba hakina hata chembe ya haya.

Jumamosi mvua ilikuwa imefuta kila kitu, naye hakujisumbua kurudia hata kumi na nane, lile boksi la mbele ya goli ambalo beki akikuangusha humo ni penalti. Tumefungwa moja, dakika za mwisho, fainali inatuponyoka, binti yangu akakwatuliwa hatua chache tu kutoka kwa kipa. Refa akatazama chini, hakuona mstari, akamwita yeye.

"Mzee, kumi na nane inaishia wapi?"

Akaja taratibu, akaburuta kisigino kwenye tope, katikati ya binti yangu na goli. "Hapa. Ameangukia nje."

"We baba!" nilimpigia kelele. "Unachora mstari mtu ameshaanguka?"

"Dada, mpira huujui. Kaa chini."

Kisha akainama, akafuta tope kwenye kiatu chake, huku mwanangu bado amelala pale pale, ameshika mguu.